Kiu ya Paka Mzee
Mhadhara wa Kolwezi juu ya figo, kibofu na vumbi

 

Mtu mmoja aliposikia mada ya leo alicheka, akaniuliza kama Kolwezi imeishiwa na matatizo hata tukae jioni nzima kuzungumzia mkojo wa paka. Ana haki ya kuuliza. Maji ya bomba yanakuja yanapotaka, malori ya madini yamekula barabara, na vijana wetu wanashuka mashimoni wakiwa na tochi ya kichwani tu. Lakini mkojo ni jambo ambalo mkoa huu unalijua kuliko sehemu nyingi za Afrika. Mkojo wetu sisi wenyewe umetiwa kwenye vichupa, umepelekwa maabara za Ubelgiji na kuandikwa katika majarida ya sayansi. Huko nitafika. Nianze na paka, maana ndiye aliyenileta.

Kolwezi ilianzishwa na Union Minière mwaka 1937, na palipo na mji wa wafanyakazi pana ghala la unga, na palipo na unga pana panya. Paka aliingia katika nyumba za Musonoi, Luilu na Kapata kama mfanyakazi mwingine yeyote: alipewa kazi kabla ya kupewa jina. Wengi wao hawazeeki. Gari, mbwa, sumu ya panya, na watu wanaomwona kila paka mweusi kuwa mjumbe wa wachawi, hao wote humaliza maisha yao mapema. Hata hivyo wapo wanaozeeka, hasa katika nyumba za wastaafu, ambako mzee na paka wake wanabaki wawili baada ya watoto kwenda Lubumbashi au Kinshasa. Madaktari wa wanyama huhesabu kwamba paka wa miaka 10 analingana na mtu wa miaka 56 hivi, na wa miaka 15 analingana na mtu wa 76. Paka aliyefika umri huo ameshinda mengi. Linalomngoja mara nyingi ni figo.

Kuelewa kwa nini ni figo, turudi nyuma kidogo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, nchi ya jangwa na nusu jangwa. Ndugu zake paka-mwitu huyo bado wanatembea usiku katika nyika za huku kwetu Katanga. Mnyama wa jangwa hakupewa kiu kubwa. Maji yake mengi aliyapata ndani ya mawindo, kwa kuwa panya mzima ana maji karibu asilimia 70 ya uzito wake. Figo zake zilijifunza kubana: zinavuta maji na kuyarudisha mwilini mpaka mkojo unaotoka ni mchache, mzito na wenye harufu ambayo kila aliyefuga dume anaijua. Figo za binadamu haziwezi kubana mkojo kiasi hicho.

Ufundi huo una gharama. Kila figo ya binadamu ina vichujio vidogo karibu milioni 1. Figo ya paka ina karibu 200,000. Kichujio kikifa hakioti kingine. Vilivyobaki vinabeba mzigo wake, vinachoka, navyo vinakufa. Mwili wa paka unavumilia jambo hili kwa muda mrefu bila kulalamika. Figo zikishapoteza kama theluthi mbili ya uwezo wake, ndipo zinashindwa kubana mkojo. Zikishapoteza kama robo tatu, ndipo taka za mwili zinaanza kuonekana zimepanda kwenye kipimo cha damu. Kwa hiyo paka anaweza kuwa amepoteza zaidi ya nusu ya figo zake huku anakula, anapanda ukuta na kumfukuza paka wa jirani.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea wengi. Dalili ya kwanza haina sura ya ugonjwa. Paka mzee anaanza kunywa maji. Alikuwa haonekani kwenye bakuli, sasa yuko pale asubuhi, yuko pale jioni, anakunywa kwenye beseni la nguo, anaramba sakafu ya bafu. Na sisi, watu wa nchi ya joto ambao tumefundishwa tangu utoto kwamba maji ni uhai, tunafurahi. Mama mmoja wa Musonoi aliniletea dume lake la miaka 14 kwa sababu lilikuwa limeanza kukojoa kwenye kochi. Alitaka nilihasi. Nilipomuuliza juu ya maji alinijibu kwa fahari: "Ee, docta, kwa maji hana shida hata kidogo, anakunywa vizuri sana!"

Nililipapasa dume lile juu ya meza. Mgongo wote ulihesabika kwa vidole, pingili kwa pingili. Ngozi ya mabega niliyoivuta juu ilibaki imesimama badala ya kurudi mahali pake. Tumboni figo ya kushoto, ambayo kwa paka mzima ina urefu wa karibu sentimeta 4, ilikuwa ndogo, ngumu na yenye mabonde, kama haragwe lililosahauliwa juani. Nilichukua tone la mkojo nikaliweka juu ya kioo cha kipimo cha uzito wa mkojo, kile kijibomba kifupi unachokielekeza dirishani na kuchungulia kwa jicho moja. Ndani yake unaona mstari unaotenganisha buluu na nyeupe. Maji matupu yanasoma 1.000. Paka mwenye figo nzima anapita 1.035, na wengine wanafika 1.060 na zaidi. Dume la Musonoi lilisoma 1.013. Mkojo ule ulikuwa karibu sawa na majimaji ya damu yenyewe: figo zilikuwa zinayapitisha bila kuyabana. Lile dume lilikuwa halinywi vizuri. Lilikuwa linafukuzana na maji yaliyokuwa yanalitoka, na kochi lilikojolewa kwa sababu kibofu kilijaa kabla halijafika mlangoni.

Nasisitiza habari ya kochi. Paka mzee anayekojoa ndani hupigwa, hufungiwa nje, na hapa kwetu nyakati nyingine hutiliwa shaka mbaya zaidi. Paka hana kisasi cha namna hiyo. Paka aliyekuwa msafi miaka kumi akiacha usafi, ana sababu mwilini: mkojo umekuwa mwingi, au unamuuma, au viungo vya miguu vinamzuia kupanda dirisha alilokuwa akitokea. Fimbo haitibu hata moja kati ya hizo.

Basi kuna jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya kesho bila kumlipa mtu. Chukueni chupa ya nusu lita. Asubuhi mjazeni paka bakuli kutoka kwenye chupa hiyo tu, ficheni mabeseni, funikeni ndoo, na asubuhi ya pili mpime kilichobaki. Paka mwenye afya hanywi zaidi ya mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima, na akila chakula chenye majimaji hunywa pungufu sana ya hapo. Paka wa kilo 4, basi, mwisho wake ni mililita 200. Akimaliza 400, yaani sehemu kubwa ya ile chupa, huyo ni mgonjwa, hata kama jana alikamata panya.

Kiu hiyo si lazima iwe ya figo. Kwa paka wazee kuna magonjwa matatu yanayofanana kwa nje: figo, kisukari, na ile tezi ya shingoni, thairoidi, inapofanya kazi kupita kiasi. Wa kisukari na wa tezi hula sana huku wakikonda. Wa figo hukonda huku hamu ya chakula ikififia. Na ugonjwa wa tezi una hila moja: unasukuma damu nyingi kwenye figo, kwa hiyo unazificha zinapokufa. Tiba ya tezi ikifaulu, figo mbovu zinajitokeza, na mwenye paka anamlaumu daktari. Vijiti vya kupimia mkojo wa watu, vinavyopatikana karibu katika kila dispensari ya Manika na Dilala, vinafaa pia kwa paka katika mambo fulani: vinaonyesha sukari, damu na protini. Lakini visisomwe kwa kila kitu. Kisanduku cha chembe nyeupe hudanganya kwa paka, na kile cha uzito wa mkojo hakifai kabisa. Nimewahi kuletewa paka aliyemezeshwa antibiotiki kwa sababu ya kisanduku hicho cha kwanza peke yake.

Maabara ya hospitali inayopima kreatinini ya watu, mojawapo ya zile taka za damuni, inaweza kupima na ya paka. Damu ni damu. Ila kipimo kisomwe kwa mizani ya paka. Jumuiya ya wataalamu wa figo za wanyama, IRIS, iliyoundwa mwaka 1998, imegawa ugonjwa huu katika hatua 4: kreatinini ikiwa chini ya miligramu 1.6 kwa desilita kwa paka mwenye dalili nyingine za figo ni hatua ya kwanza, mpaka 2.8 ni ya pili, mpaka 5.0 ni ya tatu, na juu ya hapo ni ya nne. Tena mkumbuke kwamba kreatinini inatoka kwenye misuli. Paka mzee aliyebaki mifupa ana misuli michache, kwa hiyo namba yake itakuwa ndogo kuliko ubaya wa figo zake. Ndiyo maana mimi huutazama mkojo kwanza, damu baadaye.

Na mtazame macho. Figo zikiharibika shinikizo la damu hupanda, kwa paka kama kwa watu. Mboni zikibaki zimepanuka mchana kweupe, au paka akianza ghafla kugonga miguu ya meza, huenda utando wa nyuma ya jicho umebanduka kwa shinikizo hilo. Hapo ni mbio kwenda kwa daktari siku ile ile. Wengine husema amezeeka, macho yamechoka. Vidonge vya amlodipini wanavyomeza wazee wetu wenye shinikizo vinamfaa paka pia, lakini kwa kipande kidogo anachokipima daktari kwa mkono wake, asikate mtu nyumbani.

Nimesema sana juu ya figo, nigeukie kibofu. Watu wakisikia paka ana shida ya mkojo hufikiri vijidudu. Kwa paka kijana vijidudu kwenye kibofu ni nadra, kwa sababu mkojo wake mzito hauwapi nafasi. Kwa paka mzee mambo hubadilika: mkojo umekuwa maji, au una sukari, na bakteria, hasa wale wa utumbo, wanapata makazi. Kwa hiyo figo mbovu na kibofu chenye vijidudu huenda pamoja, na anayetibu kimoja bila kutafuta kingine atarudi palepale baada ya mwezi.

Kuna mawe pia. Katika miaka ya 1980 mawe mengi ya paka yalikuwa ya magnesiamu na fosfeti. Watengenezaji wa chakula cha paka wa Marekani na Ulaya wakapunguza magnesiamu na kuufanya mkojo uwe mchachu zaidi ili mawe hayo yayeyuke. Yakapungua kweli. Yakaongezeka ya kalsiamu oksaleti, ambayo hayayeyuki kwa chakula chochote na hutolewa kwa kisu, na ambayo hupenda paka wa makamo na wazee. Wahandisi mliomo humu mnaijua hali hiyo: unarekebisha mtambo mmoja, unaharibika wa pili. Wazee wengine wameniuliza kama maji yetu magumu, yanayopita kwenye miamba ya dolomiti, ndiyo yanayoleta mawe. Madini ya maji ni machache ukiyalinganisha na yale ya chakula. Paka anayekunywa maji magumu kwa wingi yuko salama kuliko asiyekunywa.

Jambo moja la kibofu halisubiri kesho. Dume ana mrija mwembamba wa mkojo, na mrija huo unaweza kuziba kwa jiwe au kwa utelezi uliochanganyika na fuwele. Mtamwona anachuchumaa, anakamua, analia, anajilamba huku chini, halitoki hata tone. Hapa Kolwezi husemwa kwamba amefunga choo, anapewa mafuta ya mawese, watu wanalala. Akibaki amezibwa hivyo, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama ndani ya siku mbili au tatu. Msimkande tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Dume anayekamua bila kutoa mkojo apelekwe usiku huohuo, hata kwa pikipiki.

Sasa baruti, maana nayo hugusa kibofu. Mnaoishi karibu na mashimo mnaijua saa ya mlipuko: vyombo vinatetemeka kabatini, paka anapotea chini ya kitanda. Daktari Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akifuatilia paka wenye kibofu kinachowaka bila vijidudu wala mawe, akaonyesha kwamba hofu na mabadiliko ya nyumba vina mkono mkubwa katika maumivu hayo. Paka humfuata mtu, lakini huishi katika mahali: harufu ya ukuta, njia ya dirishani, kona ya jiko. Familia nyingi za mji huu zimehamishwa kupisha migodi, na katika orodha za fidia wameandikwa watu, vyumba na miembe. Paka hakuandikwa, naye amehama. Mkojo wake ukitoka na damu wiki ya kwanza katika nyumba mpya, mpeni chumba kimoja tulivu, blanketi la zamani lisilofuliwa, na muda. Ila hii ni kwa paka wa umri mdogo na wa makamo. Akiwa amevuka miaka 10 na ana damu kwenye mkojo, msiridhike na maelezo ya hofu. Atafutiwe vijidudu, jiwe, na hata uvimbe wa saratani ya kibofu, ambao huja uzeeni.

Mtauliza tufanye nini hapa, ambako chakula maalumu cha paka wa figo kinafika kwa ndege na kuuzwa kwa dola. Kwa wengi wenu hakipo, basi tuzungumze juu ya kilichopo. Paka wetu anakula bukari na vichwa vya samaki wakavu. Samaki mkavu hana maji, ana chumvi, na mifupa yake ina fosforasi nyingi, na fosforasi ndiyo inayozimaliza figo ambazo tayari ni mbovu. Kwa paka mzee anayekunywa sana, ondoeni vichwa na mifupa. Mpeni nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, pamoja na supu yake, na ute mweupe wa yai uliopikwa, ambao una protini nzuri na fosforasi kidogo. Wengine husikia "figo" wakamnyima nyama kabisa na kumwachia bukari. Huo ni ukatili wa nia njema. Paka hawezi kuishi kwa nafaka; atakula misuli yake mwenyewe. Bakuli za maji ziwe zaidi ya moja, mbali na chakula, na maji yawe yale mnayokunywa ninyi.

Maji yakizidi kumtoka, daktari anaweza kumwekea seramu chini ya ngozi ya mabega, ile ile ya Ringer inayotundikwa hospitalini, na nimewafundisha wenye paka kadhaa kufanya hivyo nyumbani. Paka anayeinamisha shingo mpaka kidevu kinagusa kifua amepungukiwa potasiamu, na hiyo inarudishwa. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu haidroksaidi, iliyomo katika kila farmasi, hushika fosforasi ya chakula tumboni isipite. Kipimo aulizwe daktari.

Na kuna vitu visimkaribie. Parasetamoli: ini la paka halina njia ya kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hapa mgodini humezwa kama njugu, hukata damu inayokwenda kwenye figo. Maua ya yungiyungi yanayopangwa mezani siku ya Pasaka: jani moja, au chavua aliyoilamba kwenye manyoya, inatosha kuzima figo zake.

Hayo yote yana faida gani? Utafiti wa hospitali moja ya wanyama ya New York, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia paka wenye ugonjwa huu. Waliogunduliwa katika hatua ya pili waliishi kwa kawaida zaidi ya miaka 3. Wa hatua ya tatu kama miaka 2. Wa hatua ya nne miezi mitatu na kitu. Tofauti hiyo ya miaka na miezi ndiyo iliyonifanya nisimame hapa kusema habari za bakuli na chupa ya nusu lita. Huko Japani, Profesa Toru Miyazaki alionyesha mwaka 2016 kwamba protini moja ya damu inayosaidia kusafisha figo, iitwayo AIM, kwa paka hubaki imeshikamana na protini nyingine na haifiki inapohitajika. Tangu hapo wapenda paka wa Japani wamechanga fedha nyingi ili dawa itengenezwe. Ikifika siku moja, nitafurahi. Mpaka hapo tuna macho, pua na chupa. Dume la Musonoi liliishi mpaka mvua za mwaka wa pili kwa kuku, seramu na mama aliyeacha kulisifu kwa kunywa maji.

Nimalizie na vumbi, maana nimeahidi. Mnaujua msimu wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, malori yakipita na majani ya miembe yakigeuka rangi ya udongo. Mtu akirudi nyumbani ananawa. Paka ananawa kwa ulimi. Kila kilichotua juu ya manyoya yake mchana kutwa, jioni kinakwenda tumboni, na anafanya hivyo kila siku ya maisha yake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walioongozwa na Janice Dye walipima damu ya paka na kukuta kemikali za kuzuia moto, zile zinazotiwa kwenye makochi na vifaa vya umeme, kwa viwango vya juu sana. Vumbi la nyumbani ni mojawapo ya njia walizozinyooshea kidole. Na kabla ya hapo kulikuwa na Minamata, huko huko Japani. Paka wa wavuvi walianza kuyumba, kuruka na kufa kwa degedege kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda chenyewe kilichomwaga sumu hiyo, Hajime Hosokawa, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, akamwona anapata ugonjwa uleule wa zebaki. Matokeo yakafungiwa kabatini. Paka wale walisema mapema, wenye nguvu wakaziba masikio.

Kwetu, Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na mwenzake Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi jirani na migodi na viwanda, wakachapisha mwaka 2009: kobalti waliyoikuta ilikuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani. Mwaka 2018 wakarudi na habari za Kasulo, mtaa wetu huu huu, ambako mwaka 2014 madini yalikutwa chini ya nyumba na watu wakachimba sebuleni. Waliobaki wakiishi kati ya mashimo walikuwa na kobalti nyingi kwenye damu na mkojo kuliko majirani wa mtaa wa karibu, na watoto walizidi. Si wachimbaji wale; ni watoto wanaocheza chini, karibu na vumbi, mahali paka alipo.

Sitasema kwamba kobalti ndiyo inayoua figo za paka wa Kolwezi. Uzee unaziua figo za paka hata Paris na Nairobi, ambako hakuna mgodi. Ila risasi, kadimiamu na urani huumiza figo, hilo linajulikana, na udongo wa Katanga una mengi ndani yake. Ndiyo sababu nawaomba mwache kuokota mchanga wa kingo za mto Musonoi kwa ajili ya sanduku la paka. Mto huo na mabonde yake vilipokea mabaki ya viwanda kwa miaka mingi, zaidi ya tani milioni 100 kwenye marundo ya Kingamyambo na Musonoi peke yake. Chukueni mchanga wa mbali, au kokoto ndogo mlizoziosha, ambazo zina faida nyingine: hazinyonyi mkojo, kwa hiyo unaweza kuukusanya.

Ombi langu kwa Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Lubumbashi, na kwa makampuni yanayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia kutoka kwenye ardhi hii, ni dogo. Mkojo wa paka wazee wa Kolwezi ukusanywe na upimwe metali, mtaa kwa mtaa, kama ulivyopimwa wa watu. Haugharimu hata gurudumu moja la lori la mgodi. Wanafunzi wapo, paka wapo, na wenye paka nimewaona leo jinsi walivyojaa.

Kwenu ninyi wenye paka, kazi inaanza asubuhi. Kichupa kiwe safi na kikavu, mkojo uwe wa siku hiyohiyo, mwandike umri wa paka na maji aliyokunywa tangu jana, na mlete kabla ya saa nne, jua halijapanda.